UZI: Kujitia hamnazo kwenye chumba cha vipimo. Tunagunduaje upungufu wa kumbukumbu wa kuigiza katika kesi?

#1 · Kalamu_na_Saa

Wakuu, uzi huu ni wa wanasaikolojia, madaktari wa akili na mawakili wanaokutana na ripoti za niurosaikolojia (vipimo vya jinsi ubongo unavyofanya kazi) mahakamani au kwenye madai ya fidia. Mtu amegongwa na gari, au ameshtakiwa kwa mauaji, anasema hakumbuki kitu. Unampima, alama zinatoka za chini kabisa. Utajuaje kama ni ubongo ulioumia au ni mtu anayejitia hamnazo?

Kwanza tuondoe imani moja inayoharibu kazi, kwamba mpimaji mzoefu atamjua mwigizaji kwa kumtazama. Mwaka 1988 David Faust na wenzake walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka 9 hadi 12 waliambiwa wafanye vibaya kwenye vipimo bila kufundishwa namna. Majalada yao yakapelekwa kwa wataalamu wa niurosaikolojia. Hakuna hata mmoja aliyesema mtoto anaigiza. Walio wengi mno waliona ubongo wenye hitilafu. Kama watoto wa darasa la nne wanaweza, mtu mzima mwenye kesi ya mamilioni ataweza.

Ndiyo maana kuna vipimo vya uhalali, vya kuangalia kama mtu amejitahidi kweli. Mantiki yake ni kumpa mtu kazi iliyo ngumu machoni lakini nyepesi mkononi. Kinachotumika sana ni TOMM (Test of Memory Malingering), cha Tom Tombaugh, kilichotoka 1996. Mtahiniwa anaonyeshwa michoro 50 ya vitu vya kawaida, mmoja mmoja, kila mmoja sekunde 3. Kisha zinafuata kurasa 50, kila ukurasa una michoro miwili: mmoja ameuona, mwingine ni mpya. Anagusa aliouona, na mpimaji anamwambia papo hapo kama amepata au amekosa. Michoro ile ile inaonyeshwa mara ya pili, kurasa 50 tena. Ikihitajika, baada ya kama dakika 15 anaulizwa bila kuonyeshwa upya. Akipata chini ya 45 katika duru ya pili au ya mwisho, juhudi yake inatiliwa shaka.

Inafanya kazi kwa sababu kutambua picha uliyoiona ni uwezo unaodumu hata ubongo ukiumia. Wengi wenye majeraha ya kweli ya kichwa hupita mpaka huo. Mwigizaji hajui hilo. Anaona picha 50 zinapita haraka, anajiambia mgonjwa hawezi kukumbuka zote hizi, anaanza kukosa makusudi.

Nayataja haya kwa kuwa yamo katika vitabu vya kozi. Picha zenyewe, orodha za maneno na fomu za kusahihishia zisiwekwe humu. Kipimo kikishasambaa mtaani kimekufa, na hakitengenezwi kingine kwa wiki moja.

#2 · Wakili_wa_Kisauni

Asante daktari. Hapa ndipo sisi mawakili tunapokwama. Mteja amepata 41 kati ya 50. Hiyo ni asilimia 82, shuleni ni alama ya juu. Nitamwelezaje hakimu kwamba asilimia 82 ni kufeli? Na kama ni kufeli, ndiyo mteja wangu ameitwa mwongo?

#3 · Hesabu_za_Mezani

Wakili, tenganisha maswali hayo mawili, na uyaweke mbalimbali mpaka mwisho wa kesi.

La kwanza: hii si mitihani ya shule. Kuna majibu mawili tu kila ukurasa, kwa hiyo aliyefumba macho na kubahatisha atapata karibu 25. Nusu ya alama ni zawadi. Ukishaiondoa zawadi hiyo, pengo kati ya 41 na 49 ni kubwa kuliko linavyoonekana, hasa ukikumbuka kwamba watu waliolazwa kwa majeraha makubwa ya kichwa kwa kawaida hufika 45 na zaidi.

Sasa shuka chini ya 25. Anayebahatisha tu hupata 17 au pungufu mara 16 hivi katika 1,000. Kupata 14 au pungufu ni mara 13 katika 10,000. Fikiria maana yake: ili ukose mara 36 kati ya 50 kwenye maswali ya majibu mawili, karibu ni lazima uwe unalijua jibu sahihi na kulikwepa. Asiyekumbuka kitu hawezi kukosa kwa ustadi kiasi hicho, kwa sababu bahati itamrudisha karibu na nusu. Alama kama hiyo ndiyo pekee inayozungumza yenyewe kuhusu nia.

Lakini ni chache. Wengi wanaofeli huangukia katikati, kuanzia 18 hadi 44, na katikati hapo kipimo kinasema jambo moja tu: *alama za leo haziaminiki*. Hakisemi kwa nini. Mteja wako wa 41 yumo humo. Mtaalamu akiruka kutoka "haziaminiki" hadi "anadanganya" bila hatua nyingine, una haki ya kumbana.

#4 · Mzizima_Saikolojia

Naongezea kuhusu viashiria vilivyofichwa ndani ya vipimo vya kawaida. Faida yake ni kwamba havionekani kama mtego na haviongezi muda. Maarufu ni kile cha tarakimu, ambapo mtu hurudia namba anazosomewa, kilichopendekezwa na Greiffenstein na wenzake 1994. Unachukua mfuatano mrefu zaidi ambao mtahiniwa amepatia majaribio yote mawili, kwa kwenda mbele, unajumlisha na ule wa kurudi nyuma.

Mfano. Mbele: tarakimu 3 amepata zote mbili, tarakimu 4 zote mbili, tarakimu 5 jaribio moja tu. Unaandika 4. Nyuma: tarakimu 2 zote mbili, tarakimu 3 zote mbili, tarakimu 4 moja tu. Unaandika 3. Jumla ni 7. Kosa linalojirudia ni kuhesabu ile 5 kwa sababu "alipata mara moja". Hapana, lazima zote mbili. Kosa hilo moja linahamisha mtu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine.

Kwa Marekani 7 au chini ni ishara ya shaka, na wengi husogeza hadi 6 ili wasimwonee mkweli. Sasa msikie jambo linalonikera: watu wanachukua 7 hiyo hiyo na kuitumia kwa Kiswahili.

Hesabuni silabi. Kwa Kiingereza tarakimu 1 hadi 9 zina silabi 10 kwa jumla, maana ni 7 tu yenye silabi mbili. Kwa Kiswahili zote tisa, kuanzia moja hadi tisa, zina silabi mbili mbili. Jumla 18. Tarakimu tunazishika kichwani kwa kujisemea kimoyomoyo, na neno refu hula muda zaidi. Huko Wales ilionyeshwa 1980 kwamba watu wale wale, wanaojua lugha zote mbili, walishika tarakimu chache kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza, kwa kuwa kuzitamka kwa Kiwelisi huchukua muda zaidi. Mkulima anayepimwa kwa Kiswahili na kupata 7 anaweza kuwa amejitahidi kwa uwezo wake wote. Mpaka wa kigeni umemhukumu kabla ya hakimu.

#5 · Kalamu_na_Saa

Mzizima, umegusa penyewe. Na kile cha Rey cha vitu 15 je? Kadi yenye safu tano za vitu vitatu vitatu, inaonyeshwa sekunde 10, mtu anachora anachokumbuka, chini ya 9 ni shaka. Wepesi wake wote umejengwa juu ya shule: herufi kubwa, herufi ndogo, namba, maumbo, namba za Kirumi. Aliyesoma anaona makundi matano tu ya kukariri. Mzee ambaye hakwenda shule anaona michoro 15 isiyohusiana. Kwake si kipimo chepesi tena, na kipimo cha uhalali kikishakuwa kigumu hakipimi uhalali. Tena hata kwa wasomi kinakosa waigizaji wengi. Mimi ningekiacha kabisa kwa mwenye chini ya miaka saba ya shule.

#6 · Wakili_wa_Kisauni

Kwa hiyo TOMM ndiyo salama kwetu, kwa kuwa ni picha?

#7 · Mzizima_Saikolojia

Ni salama *zaidi*, wakili. Picha haihitaji kusoma, ila inahitaji mazoea ya kutazama michoro ya mistari. Pitia michoro na mtahiniwa baada ya kikao, mwulize kila kitu ni nini. Kama asivyovijua ni vingi, andika kwenye ripoti.

Halafu kuna watu ambao TOMM yenyewe huwaonea: wenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) iliyokwisha komaa, wenye ulemavu mzito wa akili, aliyetoka kupata kifafa saa chache zilizopita, aliyelewa dawa za usingizi au za maumivu makali. Angalia saa ya dozi ya mwisho kabla hujafungua kijitabu. Mwenye demensia asiyeweza kuvaa mwenyewe akipata 38, hiyo inalingana na maisha yake. Anayeendesha bodaboda kila siku, anarudisha chenji na kukumbuka wateja anaowadai, akipata 38, hapo kuna la kueleza.

#8 · Hesabu_za_Mezani

Nirudi kwenye namba, kwa sababu hapa ndipo ripoti nyingi huanguka.

Kawaida mpaka huwekwa ili wakweli wasiofeli wawe asilimia 90 au zaidi. Kwa kufanya hivyo waigizaji wengi wanaponyoka. Tuseme kipimo kinanasa nusu yao. Chukua watu 100 wanaodai fidia, tufanye 40 wanaigiza. Kitanasa 20. Kati ya wakweli 60 kitawaangusha 6. Waliofeli ni 26, na 20 kati yao ni waigizaji kweli, yaani asilimia 77.

Sasa peleka kipimo hicho hicho wodini, kwa wagonjwa 100 wasiodai chochote ambao 10 tu wanaigiza. Kitanasa 5, kitaangusha wakweli 9. Kati ya 14 waliofeli, waigizaji ni 5, asilimia 36. Kipimo kile kile na alama ile ile, lakini wengi wa waliofeli ni wakweli. Anayesema "kipimo kina usahihi wa asilimia 90, kwa hiyo uwezekano kwamba anaigiza ni asilimia 90" amekosea hesabu, na wakili amwombe aifanye upya ubaoni.

Huko Marekani Mittenberg na wenzake walikusanya mwaka 2002 makadirio ya wataalamu wenyewe: asilimia 29 katika kesi za majeraha, 30 katika madai ya ulemavu, 19 katika jinai, 8 kwa wagonjwa wasio na kesi. Ni makadirio ya huko, kwa mfumo wa fidia wa huko. Msiyahamishie Dar es Salaam au Nairobi kama yalivyo.

Dawa yake ni kutotegemea kipimo kimoja. Kwa vipimo vitatu visivyotegemeana, kila kimoja kikiwa na hatari ya kumwonea mkweli mmoja kati ya kumi, uwezekano wa mkweli kufeli viwili au zaidi ni karibu asilimia 2.8. Lakini ukirundika vitano na kuhesabu *chochote* alichofeli, mkweli ana asilimia 41 ya kufeli angalau kimoja. Kwa hiyo amua kabla ya kikao utatumia vingapi na kanuni yako ni ipi. Kuchagua baada ya kuona matokeo ni kumvizia mtu.

#9 · Nesi_wa_Zamu

Naomba kuuliza kuhusu mpangilio wa siku. Vyote mwanzo? Na je, mtahiniwa aambiwe kwamba kuna vipimo vya kupima ukweli wake?

#10 · Kalamu_na_Saa

Dada, visambaze. Kimoja mapema ndani ya saa ya kwanza, viashiria vya ndani katikati, kingine baada ya mapumziko ya chakula. Juhudi haikai sawa siku nzima: kuna anayeanza vizuri na kukata tamaa mchana kwa maumivu, na kuna anayekumbuka kuigiza baada ya kuongea na mtu kwenye simu. Andika muda wa kila kipimo.

Kuhusu kumwambia: mwambie afanye kwa bidii yake yote, na kwamba ndani ya kikao zimo njia za kuangalia bidii hiyo. Usimwambie ni zipi wala ziko wapi. Ni haki yake kujua hilo, na hujaharibu kitu.

Mkalimani ndiye anayeharibu zaidi. Ndugu wa mtahiniwa asikalimani kamwe. Hata mkalimani rasmi, mwelekeze kabla: kwenye maswali ya majibu mawili aseme maneno kwa sauti ile ile, asimtazame mtahiniwa usoni, asirudie pale mtu anaposita. Sauti ikipanda kidogo kwenye jibu sahihi, kipimo kimekwisha. Kwenye tarakimu, lugha ichaguliwe mwanzo na isibadilishwe njiani. Wengi wetu namba za simu tunazitaja nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na hilo hubadilisha alama.

#11 · Mzizima_Saikolojia

Nje ya vipimo angalieni kama malalamiko yanafuata njia za ubongo. Mtikisiko mdogo wa ubongo, kwa vigezo vya Marekani vya 1993, ni kupoteza fahamu kusikozidi dakika 30, kutokumbuka kusikozidi saa 24, na alama ya Glasgow (kipimo cha fahamu) ya 13 hadi 15. Wengi hupona ndani ya siku hadi wiki, na kwa kawaida miezi mitatu haipiti. Mtu wa kundi hilo anayezidi *kushuka* mwaka wa pili, akiwa na alama mbaya kuliko aliyekaa koma wiki mbili, anahitaji maelezo mengine. Huenda ni sonona, maumivu, dawa au kukosa usingizi. Huenda ni kuigiza. Orodha hiyo ipitiwe yote.

Ishara nyingine: kutambua kuwa kubaya kuliko kukumbuka bila msaada, au kusahau jina lake mwenyewe huku akikumbuka tarehe ya kesi. Majibu ya karibu na sahihi, kama ng'ombe kuwa na miguu mitano, yalielezwa na Sigbert Ganser kwa wafungwa mwaka 1898, ila peke yake si ushahidi.

#12 · Wakili_wa_Kisauni

Kwenye jinai mnaenda vipi? Mtuhumiwa anadai haelewi mashtaka.

#13 · Kalamu_na_Saa

Huko uzito ni mkubwa zaidi, kwa sababu ukimwita mgonjwa mwigizaji anaweza kupoteza uhuru au maisha. Kwa Tanzania, mahakama huweza kuamuru mtuhumiwa achunguzwe hospitali ya akili, na Dodoma ndiko ziliko Mirembe na Isanga. Faida ya kulazwa ni kwamba mtu anaonekana saa 24. Kumbukumbu za manesi zina thamani kuliko kipimo kimoja cha dakika 20: anacheza bao na kuhesabu kete? Anajua siku ya ndugu kuja? Anamkumbuka aliyemkopa sigara?

Mfano mkubwa wa Marekani ni Vincent Gigante, bosi wa mafia wa New York. Kwa miaka mingi alitembea mitaa ya Greenwich Village akiwa amevaa joho la kuogea na ndala, akijisemea ovyo, na madaktari kadhaa walithibitisha ni mgonjwa. Alitiwa hatiani 1997, na 2003 akakiri mahakamani kwamba aliwahadaa. Waliosema ni mgonjwa walitegemea sana alichowaonyesha mwenyewe. Huko kuigiza kunaongeza hata adhabu: katika shauri la Greer la 1998 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kujifanya huwezi kushtakiwa ni kuzuia haki.

#14 · Hesabu_za_Mezani

Na kwenye uandishi wa ripoti, vigezo vya Slick, Sherman na Iverson vya 1999, vya kuamua kama mtu anaigiza, bado ni kiunzi kizuri, na vimefanyiwa marekebisho 2020. Toleo la kwanza linadai kwanza kuwe na faida ya nje inayoonekana, kama fidia au kukwepa adhabu. Kisha ushahidi kutoka kwenye vipimo, ushahidi kutoka maelezo yake mwenyewe, na mwisho kwamba tabia hiyo haielezwi vya kutosha na ugonjwa mwingine. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa sana.

#15 · Mzizima_Saikolojia

Nakubali kabisa. Mimi napendekeza aya ya namna hii, bila neno "mwongo":

"Vipimo viwili kati ya vitatu vya uhalali viko chini ya mpaka uliowekwa kabla ya kikao. Alama za chini za kumbukumbu na kasi hazionyeshi uwezo wake halisi, na sikuzitumia kufikia uamuzi. Alama za msamiati na kunakili michoro ziko katika kiwango cha kawaida, na zinaonyesha uwezo alio nao angalau kwa kiasi hicho."

Sentensi ya mwisho msiisahau. Mtu anaweza kuigiza kutojua, hawezi kuigiza kujua. Alama nzuri hubaki nzuri hata kikao kikiharibika. Na mtu anaweza kuwa ameumia kweli *na* akatia chumvi. Picha ya ubongo yenye damu haifutwi na 38 ya TOMM, wala 38 haifutwi na picha.

#16 · Nesi_wa_Zamu

Tufanye nini basi kuhusu mipaka ya Kiswahili? Hatuwezi kusubiri.

#17 · Hesabu_za_Mezani

Anzeni na mlicho nacho. Kila kliniki ikusanye wagonjwa wenye ugonjwa uliothibitishwa, wasio na kesi wala madai yoyote. Wazima peke yao hawatoshi, kwa sababu mpaka ukiwekwa kwa wazima utawaonea wagonjwa. Gawanyeni kwa miaka ya shule: hakuna, 1 hadi 7, 8 na kuendelea. Kisha tafuteni alama ambayo wasiozidi mmoja kati ya kumi huwa chini yake.

Kwa watu 30 mtu mmoja ni asilimia 3.3, mpaka utayumba. Kwa 100, wakifeli 10, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 5 na 18 hivi. Bado ni pana, ila inatetewa mahakamani. Kila fomu iwe na lugha iliyotumika, miaka ya shule, dawa na saa ya dozi, jina la kipimo na toleo lake, na tarakimu zilisomwa kwa kasi ya moja kwa sekunde au la. Fomu isiyo na lugha iliyotumika iwekeni kando, msiichanganye na nyingine.